Mweleze mgonjwa kabla ya sindano ya ganzi

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye kliniki za meno, chuoni mmefundishwa kupasua ufizi na kuchonga mfupa ili kutoa gego la mwisho lililokwama. Kuzungumza na mgonjwa mtajifunzia kazini. Akiambiwa mapema huvumilia mengi; kinachomtisha ni kile kinachomjia ghafla.

Wengi hudhani ganzi huondoa kila hisia, hivyo taya likisukumwa huruka wakiamini haijashika. Mwambie: "Mama, maumivu makali hutayasikia, lakini utahisi nikisukuma, utasikia mashine ikilia na maji yakijaa kinywani. Ukisikia maumivu, inua mkono wa kushoto, nitaacha." Akiinua, acha kweli. Ukimpuuza mara moja hatakuamini tena.

Hatari ya mdomo au ulimi kubaki na ganzi kwa wiki au miezi, na mara chache sana moja kwa moja, aijue kabla hajatia sahihi.

Atakuuliza pia kama kung'oa jino la juu kunaua macho. Usicheke. Mwambie kwa utulivu kwamba mshipa wa fahamu wa jicho haupiti kwenye mizizi ya meno.

Dawa ya maumivu aimeze kabla ganzi haijaisha. Ukitaka kumwandikia ibuprofeni, muulize kwanza kuhusu vidonda vya tumbo, pumu na ujauzito.

Tumieni muda mwingi kwenye uvimbe. Hufikia kilele kati ya saa 48 na 72, wakati mgonjwa alitarajia nafuu. Asipojua hilo, ataona amefanyiwa vibaya, ataenda duka la dawa na kurudi na amoksilini asiyoihitaji. Mdomo nao hufunguka kidogo tu siku hizo, kwa hiyo uji na mtori wa vuguvugu vinamfaa.

Pamba aing'ate nusu saa bila kuchungulia. Mate yenye rangi ya damu siku ya kwanza ni kawaida, ayameze. Akitematema na kusukutua, donge la damu linalolinda tundu hung'oka. Baada ya saa 24 ndipo aanze kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Sigara aiache kabisa mpaka tundu lipone.

Maumivu yakipungua kisha yakarudi kwa nguvu siku ya tatu au ya nne, yakipanda sikioni pamoja na harufu mbaya, huenda donge limetoka na mfupa uko wazi. Arudi tundu lisafishwe na kuwekwa dawa. Lakini uvimbe ukishuka shingoni, au akishindwa kumeza au kupumua, aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Haya yote mwandikieni kwenye karatasi kwa Kiswahili, pamoja na simu ya kliniki, na aliyemsindikiza mgonjwa aingie asikie. Mwenye hofu hakumbuki hata nusu.