Stroberi za Jumapili

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara mbili, kwamba wakwe wanakuja Jumapili, unataka kuwaandalia stroberi na kastadi, ila stroberi ulizojaribishia jana zimekuwa majimaji, ulizikata ukazitia sukari zikalala frijini mpaka asubuhi. Kosa ni muda tu, mama. Sukari inavuta maji ya tunda, nusu saa inatosha, unapata kile kisharubati chekundu chini na tunda lenyewe bado linatafunika, ukilaza usiku mzima linanywea lote.

Na wakati wa kununua usione haya kugeuza boksi, wanapanga nzuri juu alafu chini ndo zimepondeka. Stroberi ikishachumwa haiivi tena, sio embe hiyo useme utaivundika, ukiiona nyeupe karibu na majani ujue uchachu wake utabaki huohuo. Huku Lushoto tunazila siku hiyohiyo, huko Dar zinafika zimechoka, kwa hiyo nunua Jumamosi jioni, ziweke frijini bila kuosha. Kuosha ni siku ya kula, na osha majani yakiwa bado yapo, ukitoa kikonyo kwanza maji yanaingia ndani ladha inapotea, alafu zianike juu ya kitambaa zikauke. Nusu kilo, sukari vijiko viwili vya chakula, ndimu nusu, basi.

Kastadi sasa, hapa ndo nakuomba utulie. Maziwa nusu lita, chota kidogo yakiwa ya baridi ukorogee unga wake vijiko viwili vya chakula na sukari vitatu mpaka hamna hata donge, yaliyobaki yakichemka mimina ule mchanganyiko huku unakoroga, moto mdogo, simu ikiita iache iite. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni kwake, njia ikibaki wazi bila kuzibika imeiva. Funika na nailoni iguse kastadi yenyewe isije ikaota utando, na usiiwekee stroberi ikiwa moto, zitalegea.

Wakianza kula wali ndo uvunje biskuti kwenye glasi, kastadi juu, stroberi na sharubati lake. Mama mkwe wako umesema ana sukari, yeye mkatie stroberi tupu na mtindi usio na sukari, mwekee kwenye glasi kama za wenzie asijione ametengwa.

Jumamosi ukianza kupika nipigie, nitakuwa nyumbani.

Mama