Anza na salamu, mdogo wangu

Mdogo wangu wa Wete, umesema tangu upewe usimamizi wa duka, kila ukimsahihisha mfanyakazi ananuna. Nyumbani nako mkeo analalamika kwamba unazungumza kwa kuamrisha. Mimi naona tatizo ni moja: unalikimbilia jambo na kumruka mtu.

Kwetu salamu si kupoteza wakati. Muulize kaamkaje, homa ya mtoto imeshuka? Ndipo useme. Na ukisema, taja tendo, usimtaje yeye. Ukimwambia "wewe mvivu" atajitetea tu. Mwambie, "Leo tumefungua saa tatu badala ya saa mbili, kuna nini?" Pengine utasikia kwamba gari ya Konde ilichelewa. Tena mwite pembeni. Ukimfedhehesha mbele ya wateja, hata ukiwa na haki hatokusikia, na atakaa nalo moyoni muda mrefu.

Kwa mkeo, weka simu chini, umwache amalize, kisha mrudishie ulivyomwelewa: "Kumbe kilichokuudhi ni kuwa sikukwambia kama nitachelewa?" Akikusahihisha, usibishe. Jaribu leo hii, ukirudi kutoka kuswali Isha.