Bodi Inang'aa, Kumbe Ina Chumvi: Maswali ya Mafundi

Shikamoo fundi. Nilitengeneza amplifaya, ikalia vizuri. Baada ya miezi miwili inakwaruza, na ndani nimekuta unga wa kijani kwenye viungo nilivyolehemu. Flaksi (dawa ya kusaidia lehemu ishike) ni ya kopo, nilinunua duka la mabomba. Je, lehemu ilikuwa feki? (Mombasa)

Marahaba. Lehemu unaisingizia bure. Mhalifu ni hilo kopo. Flaksi ya bomba huwa na kloridi ya zinki, mara nyingi na ya amonia pia. Kwenye bomba haina neno, maji yatapita na kuisukuma. Kwenye bodi ya saketi hakuna wa kuiondoa. Kloridi hula shaba na kutoa chumvi ya shaba. Unyevu na hewa ya kaboni huigeuza chumvi hiyo kuwa huo unga wa kijani, kisha kloridi huachiwa huru na kuanza upya. Ndiyo maana kidogo tu chaweza kumaliza njia nzima ya shaba, na hewa yenu ya pwani inaongezea chumvi yake.

Spiriti peke yake haitoshi, kwa kuwa chumvi hizi zinataka maji. Toa transfoma, rilei na swichi, sugua kwa mswaki na maji ya moto, suuza kwa maji ya betri (yale yasiyo na asidi, soma kibandiko!), kisha pitisha spiriti iyafukuze maji. Kausha saa kadhaa penye joto. Njia zilizoliwa ziunge kwa waya, na kopo mpe fundi bomba.

Flaksi yangu imeandikwa kuwa haihitaji kusafishwa. Niliifuta kwa spiriti, ukabaki ukungu mweupe. Nimeharibu? (Kisumu)

Hujaharibu, umeishia njiani. Flaksi hizi zilishika kasi viwandani baada ya Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, iliyobana kemikali za CFC zilizokuwa zikioshea bodi. Nia yake ni kwamba asidi dhaifu iteketee kwa joto, na mabaki yafungwe ndani ya utomvu mgumu. Ukifuta nusunusu unaondoa utomvu na kuacha wazi kile ambacho utomvu huo ulikuwa umekifunga. Ama usiiguse kabisa, ama uioshe kwelikweli: spiriti ya kutosha, brashi, halafu mimina nyingine safi kabla ya ile ya kwanza kukauka. Pamba inahamisha uchafu tu.

Mafundi simu nao wanisikie. Mnapoisukuma flaksi kwa sindano chini ya aisi (chipu), ile iliyokimbilia mbali na joto haikuteketea. Asidi yake bado i hai. Ikipata unyevu na umeme, metali ya upande chanya huyeyuka, husafiri na kuota upande hasi kama matawi membamba, mpaka njia mbili zinagusana. Hiyo ndiyo simu inayorudishwa msimu wa mvua.

Tunachovya ncha za waya kwenye chungu cha lehemu ya 63/37 (bati asilimia 63, risasi 37). Siku hizi viungo vinatoka na chembechembe kama mchanga. Tuimwage yote? (Arusha)

Msimwage kitu bado! Kila waya unaochovywa huacha shaba kidogo chunguni. Viwandani, lehemu kama yenu ikifika asilimia 0.3 ya shaba huhesabiwa imechafuka. Hapo huzaliwa sindano ngumu za shaba na bati, ndizo huo mchanga. Mafundi wa zamani hushusha joto hadi karibu nyuzi 190, juu kidogo tu ya 183 inapoganda, na kuacha chungu kitulie kwa saa nyingi mtu akiwepo. Sindano ni nyepesi kidogo kuliko lehemu yenye risasi, kwa hiyo hupanda juu. Zichoteni polepole kwa kijiko cha chuma cha pua chenye matundu, kisha ongezeni lehemu mpya.

Kwa lehemu isiyo na risasi ujanja huu haufai: yenyewe ni nyepesi, sindano zinazama. Na kama kuna aliyechovya kitu chenye zinki au alumini, hapo kweli badilisheni. Na kwa kuwa risasi ni sumu, chai inywewe nje ya karakana.

Bodi zetu za mradi zimekaa kabatini, rangi ya fedha imegeuka hudhurungi na lehemu inakwepa. (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Kama zimepakwa fedha, ni salfa. Mpira wa kufungia, karatasi na katoni huweza kuitoa. Zilizobadilika kidogo zijaribu kwa flaksi kali ya elektroniki, kisha uoshe. Zilizokuwa nyeusi ziache. Usisugue kwa ufutio, unakwangua tabaka lililobaki. Nyingine zifunge mfuko usiopitisha hewa, na ushike kingo tu, jasho nalo ni chumvi.

Nitajuaje bodi ni safi kweli? (Nairobi)

Kwa macho hutajua. Kwa miaka mingi viwanda vilitumia kipimo cha mikrogramu 1.56 za chumvi ya kawaida kwa sentimita mraba, kilichotokana na kazi ya jeshi la wanamaji la Marekani miaka ya 1970, enzi za flaksi za utomvu. Tangu 2018 kanuni za tasnia hazikubali namba hiyo peke yake kuwa ushahidi. Mezani kwako, zima umeme, pima ukinzani kati ya njia mbili jirani zisizoungana, uipulizie pumzi, kisha upime na sehemu ambayo hukuilehemu. Ikiwa pale ulipolehemu ukinzani unaporomoka zaidi, rudi kwenye brashi.