Kamera ziliingia, kontabilite ikatoka

Swali: Yaya, mimi ndiye nafanya mutandao wa biro yetu hapa Bukavu, Nyawera. Tuko na swichi mbili za Cisco, moja chini kwenye iko ruteri, ingine kwenye etaji. VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi zilezile) ziko hivi: 10 ni ya kontabilite, 20 ya wafanyakazi wengine. Juzi walileta kamera za etaji, nikaongeza VLAN 30 kwenye trunki (ile kable ya kuunga swichi mbili, inayopitisha VLAN nyingi), kamera zikaonekana lakini etaji yote ikakosa mutandao, mashini zinachukua adresi za 169.254. Usiku kuran ikakatika, asubui watu wanatumika vizuri kabisa ila kamera zote zimekufa! Taa ni kijani pande zote mbili na kable nilishabadilisha. Ninunue swichi ingine?

Jibu: Mudogo wangu, usinunue kitu. Swichi ni nzima, kable pia, na kinachonipa uhakika ni ile stori ya kuran uliyoiandika. Ni vigumu kifaa kibovu kizimike usiku na asubui kitumikie vizuri wale kilichowanyima jana, kisha kinyime wale kilichowapa. Kilichogeuka ni konfigi, na naona kabisa mustari ulioandika:

switchport trunk allowed vlan 30

Huo hauongezi. Unafuta liste yote iliyokuwepo na kuacha 30 peke yake, kwa hiyo palepale 10 na 20 zikakosa njia, mashini zikaita DHCP (huduma inayogawa adresi) bila kujibiwa zikajipa zenyewe adresi ya 169.254. Alafu haukuhifazi kazi, kuran ilipokatika swichi ikawaka na konfigi ya zamani yenye 10 na 20, ndio maana kontabilite ikapona na kamera zikabaki inje. Mustari wenyewe ni huu, ile add ndiyo kila kitu:

switchport trunk allowed vlan add 30

Na porti za kamera uziangalie pia, juu kama haukuhifazi kwenye swichi ya etaji, inawezekana zimerudi kwenye VLAN 1, ile ya kuanzia.

Ile taa ya kijani inadanganya mafundi wengi. Inasema tu kwamba kable inapitisha, basi. Kwenye trunki kila fremu (pakiti ya data), isipokuwa za native VLAN, ile moja inayopita bila alama, inabeba alama ya 802.1Q, baiti 4 zenye namba ya VLAN ndani, swichi inasoma namba, inaangalia liste yake, isipoikuta inatupa fremu kimya kimya na taa inaendelea kuwaka sawa na mbele. Kwa hiyo acha kuangalia taa, uliza swichi yenyewe, na uulize ZOTE MBILI, juu liste ya chini haijui ya etaji imeandikwa nini:

show interfaces trunk

Inatoka na sehemu ine, soma toka juu kwenda chini. Ya kwanza inakuambia kama porti iko trunking kweli na native VLAN ni ngapi (ilingane pande zote, lakini hiyo siyo shida yako, ingekuwa hiyo swichi ingekuwa inalalamika kwenye logi). Ya pili ni VLAN zilizoruhusiwa. Ya tatu ni zile zilizoruhusiwa NA zinazoishi kwenye swichi hiyo, hapa watu wanapoteza masaa bure: 30 unaiona sehemu ya pili, ya tatu haipo, maana yake haukuiumba kwenye swichi hiyo, andika vlan 30 na itatokea. Ya ine ni zile spanning tree (ulinzi wa swichi unaofunga njia zenye kitanzi) inapitisha, ikikosekana hapo peke yake tafuta kitanzi ao porti iliyofungwa. Pale namba 30 inapopotea ndipo shida iko, haina haja ya kukisia.

Kama unaingia swichi ya etaji kwa kupitia trunki yenyewe, mbele ya kugusa kitu andika reload in 10. Ukijikatia njia, kisha dakika 10 itajiwasha upya na konfigi ya zamani, hautalazimika kupanda na kable ya konsoli. Ikiwa sawa, andika reload cancel, hakikisha kamera na kontabilite zote zinapata adresi kwa wakati mumoja, na hapo ndipo unaandika write memory, kwenye swichi zote mbili, leo leo mbele kuran haijakatika tena.