Barua kwa mwanangu: Dunia, Mwezi na ukuta wa mjomba wako

Mwanangu,

Marahaba. Umeuliza kama yafaa kuwaandikia wanafunzi wako "Dunia huzunguka" kwa mwendo wa siku na wa mwaka pia, au kila mwendo utafutiwe kitenzi chake. Kitenzi kimoja kinatosha. Nimekwambia siku zote: kabla hujaandika zunguka, uliza katikati pana nini.

Pakiwa na kitu kingine, kitaje na umpe mtendwa, yaani hicho kinachozungukwa, kiambishi chake ndani ya kitenzi: Dunia hulizunguka Jua, kwa siku 365 na robo hivi. Pasipo na kingine, taja mhimili, ule mstari wa kufikirika upitao katikati ya kitu chenyewe: Dunia huzunguka kwenye mhimili wake, takriban saa 24. Wengi hupenda "hujizungusha". Inaeleweka, ila ni kama Dunia inajisukuma. Feni haijizungushi, mota ndiyo huizungusha. Wape na Mwezi: humaliza mizunguko yake yote miwili, wa kwenye mhimili na wa kuizunguka Dunia, kwa muda uleule, siku 27 na theluthi hivi, ndiyo maana tunaona uso mmoja tu. Mwanafunzi akiandika "Mwezi huzunguka" akaweka nukta, hujui kasema upi. Wala wasichanganye na kubiringika: mpira ukishuka mteremko unabiringika, maana unazunguka huku ukihama; lakini pia, kile kichezeo cha watoto, huzunguka palepale.

Sasa "nimezunguka mji mzima" nayo? Mtu yumo ndani ya mji, anakata mitaa, katikati hapana kitu. Na anayezungushwa ofisini, njoo kesho, nenda dirisha lile, rudi na nakala? Labda katikati lipo faili lake. Hapana, hapo nimelazimisha.

Halafu kuna ule ukuta wa mjomba wako. Walipatana na fundi "kuzungushia kiwanja ukuta". Fundi akajenga pande tatu, akaishia kwenye ukuta wa jirani, akadai ujira wote: kwani kiwanja hakijazungukwa? Kweli kilikuwa kimezungukwa! Lakini kuzungukwa ni hali tu, kama kisiwa na maji yake. Hakuulizi nani kajenga upande upi. Kuzungushia ni kazi, na kazi ina mtu wa kuimaliza. Wangeandika "pande nne", na urefu wa kila upande kwa mita, pasingekuwa na ubishi. Mjomba alilipa yote, na hadi leo ukitaja tofali ananuna.

Ingawa, kiwanja chenye lango nacho husemwa kimezungushiwa ukuta, na lango ni pengo. Basi kitenzi kinavumilia pengo. La lango, si la upande mzima! Mama yako kanikataza kuhukumu, kwa kuwa fundi bado ni mkwe wa watu tunaowajua. Sihukumu. Lakini pande tatu, mwanangu, tatu!

Sentensi yako ya mwisho, "Mwezi huzunguka na Dunia", iondolee hiyo "na". Ilivyo sasa, vyote viwili vinazunguka bega kwa bega. Andika "Mwezi huizunguka Dunia".

Baba yako