Usimwache Buibui wa Maji Kwenye Boksi: kwa wanaoanza Pokémon huku kusini

Wadogo zangu wanaokuja barazani kwetu Chikongola, hapa Mtwara, na 3DS ya mtumba mkononi, ile mashine ya Nintendo tunayochezea Pokémon, gemu ya kukamata viumbe na kuwapambanisha, huwa na swali moja: "Kaka, ndiyo naanza, nimkamate nani?" Kabla sijafungua mdomo, wenyewe wameshajijibu. Wanataka joka. Wanataka kitu chenye mabawa na meno, kikitokea kwenye skrini mwenzako aseme "duh!" Ukiwaonyesha Dewpider, buibui wa maji, wanacheka. Kweli anachekesha: kidudu cha sentimita 30 na kilo 4, kichwa kimefunikwa kiputo cha maji kama mtu aliyevaa bakuli la supu. Mwanangu wa miaka sita, ambaye mama yake humpeleka ufukweni Shangani bamvua ikitoka, alimwona mara moja tu akasema, "Huyu pweza kavaa kofia." Nikampa jina hapohapo: Pwezabuibui. Herufi 11, na gemu inaruhusu 12.

Habari za huyo Pwezabuibui ndizo nataka kuwaambia, kwa sababu nilikaa naye miezi bila kujua nina nini mkononi. Ila nianze na mashine, maana wengi mnaumia hata kabla ya kufika kwenye Pokémon mwenyewe.

3DS imefungwa kwa kanda. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani haisomi kaseti ya Ulaya, na ya Ulaya haisomi ya Marekani. Mimi niliuziwa mashine na kaseti na mtu mmoja, siku moja, vyote "safi kabisa bosi", nikapanda basi la usiku hadi Mtwara, na asubuhi kaseti ikagoma. Mashine ilikuwa ya Japani, kaseti ya Ulaya. Nauli ya kurudi Dar kugombana ingezidi bei ya kaseti, nikanyamaza. Kwa hiyo washa, chomeka, cheza dakika kumi mbele ya muuzaji, ndipo utoe hela. Lugha isikutishe: kuanzia gemu za Pokémon Sun na Moon za mwaka 2016, ukianzisha mchezo mpya unachagua moja kati ya lugha tisa, hata kwenye kaseti ya Kijapani. Kiswahili hakimo. Tutumie Kiingereza chetu hichohicho cha kidato cha nne.

Duka la mtandaoni la 3DS lilifungwa Machi 2023, na kucheza na watu wa mbali kupitia intaneti kukazimwa Aprili 2024. Mtu asikuuzie mashine tupu akakwambia utapakua gemu baadaye. Kilichobaki ni kaseti, na mwenzako aliye karibu mwenye mashine kama yako. Kaseti moja ina nafasi moja tu ya kusevu. Ukiazima ya mtu, usianzishe mchezo mpya kwa "kujaribu kidogo". Urafiki umekufa kwa jambo hilo, nimeshuhudia.

Sasa tuje kwa buibui.

Dewpider ni wa aina mbili kwa pamoja, Maji na Mdudu. Anapatikana Brooklet Hill, kisiwa cha Akala, na akifika levo ya 22 anageuka Araquanid: mita 1.8, kilo 82, kiputo kile kimekuwa puto. Hahitaji jiwe wala kubadilishana na mtu. Kwa sisi tulio peke yetu huku, hilo si dogo, maana wapo Pokémon ambao bila rafiki mwenye mashine ya pili hawageuki maisha yako yote.

Nilipomkamata wa kwanza nilifanya kile ambacho kila mgeni hufanya, nikaangalia namba. Araquanid ana nguvu ya kupiga 70. Gyarados, ambaye kila mtu anamtaka, ana 125. Mbio za Araquanid ni 42, yaani karibu kila mtu anamtangulia. Nikasoma maelezo ya uwezo wake, Water Bubble. Gemu inasema unapunguza makali ya mapigo ya moto na unamzuia asiungue. Basi. Nikasema sawa, huyu ni ndoo ya kuzimia moto, nikamtupa kwenye boksi, ghala la gemu la Pokémon usiowatumia.

Kumbe yale maelezo yana nusu ya habari. Kitu kikubwa kuliko vyote hakikuandikwa.

Niligundua kwa kipigo. Nilianza Ultra Moon, ile ya 2017, nikiwa na Litten, paka wa moto. Wale mliocheza Sun na Moon mnakumbuka kuwa mtihani wa Brooklet Hill, pambano la lazima ili usonge mbele, mkubwa wake alikuwa samaki, Wishiwashi. Kwenye Ultra Sun na Ultra Moon wakamweka Araquanid. Mimi nimeingia na paka wangu kifua mbele. Pigo la moto kwa kawaida lingemwingia sawasawa, kwa sababu Maji hupunguza moto na Mdudu huuongeza, vinafutana. Lakini kiputo kikakata nusu. Yeye akarudisha kwa maji, paka akalala. Nikarudia, akalala. Mara ya tatu nikaacha kulaumu bahati, nikaanza kujiuliza: huyu mwenye nguvu 70 ananiuaje hivi? Paka wa moto kulala kwa maji ni halali yake, sawa. Lakini hata wenzake ambao si wa moto walikuwa wanashuka vibaya.

Jibu lilikuja jamaa yangu wa Lindi alipokuja kwenye harusi na mashine yake. Mnaojua barabara hiyo mnajua, si mbali, lakini basi likishasimama Mnazi Mmoja watu wanashuka kula na safari inakuwa ya nusu siku. Alifika jioni, umeme hakuna, mashine zote mbili zina chaji, tukakaa nje kwenye mkeka. Kwenye pambano la mashine mbili kila mchezaji anaona uhai wa Pokémon wake kwa namba, wakati wa mpinzani anauona kama mstari tu. Ndiyo maana ukicheza peke yako huwezi kupima vizuri. Nikamwambia, "Kaka, weka Snorlax wako, usinipige kwa nguvu, wewe nisomee namba tu." Mimi nikamtoa Pwezabuibui kwenye boksi, wakati huo keshakuwa Araquanid.

Tulitumia mapigo mawili. Leech Life ni ya Mdudu, nguvu 80. Liquidation ni ya Maji, nguvu 85. Yote ni ya kugusa mwili, yote ni ya aina yake mwenyewe, na Snorlax hana udhaifu wala kinga kwa lolote kati ya hayo. Kwa hesabu ya kawaida yangetofautiana kidogo sana, unga wa kijiko.

Leech Life ikala 53. Tukaanza pambano jipya. Liquidation ikala 110.

Jamaa akasema, "Hiyo bahati, umempiga pabaya." Tukarudia mara tatu, tukaandika nyuma ya kadi ya mwaliko wa harusi. Leech Life ilicheza kwenye hamsini na kitu, Liquidation haikushuka chini ya mia. Hapo tukajua. Water Bubble inazidisha mara mbili kila pigo la maji analolitoa. Zile 70 zake, zikija kwenye maji, mchukulie kama mwenye 140. Gyarados na 125 zake anakaa pembeni. Si hesabu kamili, lakini kwa barazani inatosha.

Mkitaka kurudia kipimo hiki, angalieni jambo moja. Liquidation mara moja kati ya tano hushusha ulinzi wa anayepigwa. Ukianza nayo kisha ukapiga Leech Life kwenye pambano lilelile, namba ya pili inaweza kupanda na ukadanganyika. Kila pigo lipate pambano lake. Na gemu ikisema pigo limeingia pabaya, hiyo usiiandike.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usiishie kusoma maelezo. Ukiona kitu kinauma kuliko namba zake, tafuta mtu wa kukusomea namba upande wa pili.

Kosa la pili la wageni ni kumwachia Bubble Beam hadi mwisho kwa sababu ilikuwa naye tangu utotoni. Mapigo ya gemu hii yako makundi mawili: ya kugusa mwili, yanayotumia nguvu ile ya 70, na ya mbali, yanayotumia namba nyingine ambayo kwake ni 50 tu. Bubble Beam ni ya mbali. Inazidishwa na kiputo, ndiyo, lakini unazidisha kidogo wakati ungeweza kuzidisha kingi. Liquidation huchelewa kuijua, vumilia. Ikija, toa Bubble Beam bila huruma.

Mbio zake hazitibiki, na usimpe mafunzo ya mbio, ni kumwaga maji baharini. Badala yake wachelewesheni wengine. Sticky Web, pigo la utando, anaweza kuzaliwa nalo: kila mpinzani anayeingia akikanyaga chini anapungua kasi. Wanaoruka hawanasi, hilo ulijue. Njia nyingine ni mwenzake wa timu afungue Trick Room, ambayo kwa zamu tano hugeuza mambo, aliye mzito wa mbio ndiye anaanza. Hapo 42 inakuwa mali. Mimi binafsi naipenda zaidi Trick Room, kwa sababu ya sura ya mpinzani anapoona buibui mnene anatangulia.

Ulinzi wake dhidi ya mapigo ya mbali ni 132, mkubwa mno, na uhai 68, wa kawaida. Anaogopa vitu vitatu: umeme, mwamba, na vinavyoruka. Nyasi, ambazo wengi mnadhani zitammaliza kwa kuwa ni wa maji, zinamwingia kawaida tu. Ule ududu wake unamwokoa. Hii imewaponza vijana wengi wanaokuja na mmea wao wakidhani mechi imeisha.

Na kama umekwama palepale nilipokwama mimi, Brooklet Hill, dawa yake iko Route 1, barabara ya kwanza kabisa ya mchezo. Kuna kindege kinaitwa Pikipek. Nilikuwa nimemkamata kwa kupoteza muda na kumsahau. Nikamlea siku mbili, akageuka, nikarudi naye, Araquanid akaanguka. Aliyechagua Rowlet, yule bundi, hujua pigo la kuruka mapema na hatapata shida niliyoipata. Ila sevu kabla ya kuingia, na taa ya chaji isiwe nyekundu. Mkubwa wa mtihani huita msaidizi, pambano hurefuka, na TANESCO hawajui kwamba uko kwenye mtihani.

Naongeza hili kwa sababu mwanangu aliniuliza na nikaona haya kwa kutojua: je, buibui wa namna hii yupo kweli? Yupo, ila kinyume chake. Kwenye maji baridi ya Ulaya na sehemu za Asia kuna buibui anayeitwa kwa jina la kitaalamu Argyroneta aquatica. Ndiye buibui pekee anayejulikana kuishi karibu maisha yake yote chini ya maji. Anafuma utando kati ya mimea ya majini, anapanda juu, anashuka na hewa iliyonaswa kwenye vinyweleo vya tumbo lake, anaijaza kwenye utando hadi unakuwa kijumba cha hewa. Mle ndani anakula na kutaga. Oksijeni ya kwenye maji huingia polepole kwenye kile kijumba, hivyo halazimiki kupanda kila saa. Yeye hubeba hewa kwenda majini. Waliotunga gemu wakamgeuza, wakamfanya abebe maji kuja nchi kavu. Nilipomweleza mwanangu alifikiri kidogo, akasema kumbe ni kama babu yake anapokwenda shamba na dumu.

Gemu yenyewe inamsema Araquanid kwa midomo miwili. Toleo la Sun linasema ana roho nzuri, akikuta kiumbe dhaifu anamwingiza ndani ya kiputo chake amlinde. Toleo la Moon linasema anapiga watu vichwa na kile kiputo, na wadogo wakinaswa humo wanazama. Yupi wa kweli, sijui.

Jamaa wa Lindi alirudi kwao Jumatatu. Kabla hajapanda basi aliniomba yai la Pwezabuibui lenye Sticky Web. Nilimpa, tukabadilishana palepale stendi, yeye akanipa Snorlax. Kwenye sikukuu atakuja tena, na kanipigia juzi kuniambia amemlea hadi levo 60 na ameficha pigo moja ambalo hataki kunitajia. Nimeanza kumlea Pikipek mwingine.