Alikuwa akiwaacha wote mita 800, sasa muda hausogei

Mwalimu, umesema kijana wako wa miaka 16 alikuwa akishinda mita 800 tangu shule ya msingi, na sasa mwaka wa pili muda wake umeganda ingawa hakosi mazoezi. Usimwongezee kilomita bado. Tazama kwanza anavyoyafanya hayo mazoezi.

Pengine alibalehe mapema. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 14, wasichana karibu na 12. Aliyewahi hushinda kwa mwili, na wenzake wakimfikia hudhani kipaji kimemtoroka. Mweleze hivyo waziwazi, hofu itapungua.

Lakini kwa ninavyoona, kinachowakwamisha zaidi vijana wa aina hii ni kugeuza kila zoezi mashindano. Mpe mita 400 mara sita, kila moja sekunde 68, mapumziko dakika mbili. Ya kwanza atakimbia 61, ya pili 64, ya sita 75, shingo imekakamaa na mabega yamepanda hadi masikioni. Wenzake amewaacha mbali, ila zoezi ulilompa hakulifanya. Ukimfokea atatii siku hiyo tu, kwa sababu kasi ya 68 haijui mwilini mwake.

Mvue saa. Kila anapomaliza mzunguko, kabla hujamsomea muda, akutajie anaodhani amekimbia. Andika yote mawili sambamba. Mwanzoni atakosea hata sekunde nne au tano. Usipandishe kasi mpaka tofauti ishuke kuwa sekunde moja, na asiwe amekisia tu kwa bahati: iwe hivyo mazoezi matatu mfululizo.

Halafu daftari. Kabla ya zoezi aandike leo anafanyia kazi nini. Baadaye, mambo yalianza kuharibika mzunguko wa ngapi, na safari ijayo atabadilisha nini. Mistari mitatu yatosha. "Nilichoka" halisaidii kitu. "Mzunguko wa nne nilianza kurusha mikono pembeni" hilo mnaweza kulifanyia kazi. Wengi huacha kuandika baada ya wiki moja kwa kuwa kocha hasomi, kwa hiyo lisome kila Jumamosi na umuulize swali moja tu kutoka humo. Eliud Kipchoge ameandika mazoezi yake daftarini kwa miaka mingi, naye alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 alikosa timu ya Olimpiki; 2013 akahamia marathoni na kushinda Hamburg. Msimulie kijana sehemu hiyo ya kukosa timu, maana ushindi wake anaujua tayari.

Acheni kumwambia "una kipaji". Msifu alichokifanya: "leo mizunguko yote sita umeilinganisha." Wazazi nao wasimpokee mlangoni na "umekuwa wa ngapi?"

Ila akikosa usingizi, chakula kikamshinda na mapigo ya moyo ya asubuhi yakapanda kwa siku kadhaa, haya yote yasubiri. Mpumzishe, apelekwe hospitali apimwe wingi wa damu.